Je, Wajua? Maajabu Yaliyojificha Kwenye Vifaa vya Mbwa Anayekaribia Kuzaa

Tumbo limeshuka, chuchu zimevimba, na nyumbani mmeanza kukusanya vitu: mataulo, uzi, mzani, chupa ya maji ya moto. Vingi mnavyo tayari jikoni na kabatini. Lakini kila kimoja kina siri yake, na siri zenyewe ni tamu kuzijua kabla ya usiku wenyewe kufika.

Kipimajoto hutoa habari siku moja kabla

Joto la mbwa mzima huwa kati ya nyuzi 38 na 39.2. Ikibaki takriban siku moja aanze uchungu, joto hilo huporomoka, mara nyingi hadi chini ya nyuzi 37.5! Chanzo ni projesteroni, homoni inayoilinda mimba: ikikatika, joto nalo hushuka. Kushuka huko hudumu kwa muda mfupi kisha joto hupanda tena, kwa hiyo anza kumpima asubuhi na jioni kuanzia siku ya 57 hivi. Kipimajoto cha kidijitali cha duka la dawa kinatosha. Kipake mafuta ya mgando kwenye ncha, kiingize taratibu kwenye njia ya haja kubwa, na namba uiandike daftarini.

Mimba ya wiki tisa, na pengine baba wawili

Binadamu hubeba mimba wiki 40. Mbwa humaliza kazi yote hiyo kwa siku 63 hivi, zikihesabiwa tangu mayai yatoke kwenye ovari. Ukihesabu tangu siku aliyopandwa, hesabu huyumba, inaweza kuwa siku 57 au hata 72, kwa sababu mbegu za dume huweza kukaa hai tumboni mwa jike kwa wiki nzima zikingojea mayai. Na kama katika siku hizo alikutana na madume wawili, ndugu wa tumbo moja wanaweza kuwa na baba tofauti. Ukimwona mmoja mweusi mwenye manyoya marefu kati ya wekundu wenye manyoya mafupi, huenda sababu ni hiyo.

Anachana magazeti kwa sababu ya shimo

Saa chache kabla ya kuzaa, mbwa aliyelelewa sebuleni huanza kuparua sakafu na kuchana kila karatasi anayoiona. Hajachanganyikiwa: anachimba pango. Jamaa yake, mbwa mwitu wa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, bado huzalia mashimoni, mara nyingi yaliyochimbwa na muhanga kisha yakaachwa. Mpe wako sanduku la mbao ambalo anaweza kujinyoosha na kugeuka ndani yake, na magazeti ya kutosha kuchana. Kisha ongeza kitu kimoja ambacho wengi hawakifikirii: ubao mwembamba uliopigiliwa kuzunguka kuta kwa ndani, sentimita 10 hivi kutoka sakafuni na ukitokeza kiasi hichohicho. Mama akijilaza ubavu, mtoto aliyekuwa nyuma yake hubaki salama chini ya ubao badala ya kubanwa ukutani.

Mtoto asiyejua kutetemeka

Hili ndilo linalonistaajabisha kuliko yote. Mtoto wa mbwa huzaliwa haoni, hasikii, na kwa wiki ya kwanza hana hata uwezo wa kutetemeka kwa baridi! Joto lake la kuzaliwa ni nyuzi 35 au 36 tu, na hawezi kulipandisha mwenyewe. Analiazima kwa mama na kwa ndugu zake. Akipoa sana, utumbo wake husimama kufanya kazi, kiasi kwamba kumnywesha maziwa akiwa wa baridi ni kumhatarisha. Kwanza apate joto, polepole, ndipo anyonye.

Kwa hiyo sehemu ya sanduku inahitaji nyuzi 29 hadi 32 katika wiki ya kwanza. Usiku wa Julai kule Njombe au Limuru hilo ni jambo zito, na hata Mombasa sakafu ya saruji hunyonya joto la mwili mdogo. Chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa kwenye kitambaa kizito inafaa sana, mradi uiweke upande mmoja tu, ili anayeona joto limezidi atambae kwenda upande wa pili. Jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa, kamwe! Gesi yake yenye sumu haina harufu ya kukuonya, na huua mbwa na watu pamoja.

Na huyu asiyeona anaifikiaje chuchu? Kwa pua na kwa joto. Mwaka 2020 watafiti wa Sweden na Hungary walionyesha kwamba mbwa anaweza kuhisi kwa pua joto hafifu la kitu kilicho umbali wa mita 1.6. Wengine, wa Belfast, waliwalisha mbwa wenye mimba chakula chenye ladha ya anisi, na watoto wao wakaifuata harufu hiyo wakiwa na umri wa siku moja tu. Walijifunza tumboni! Ndiyo maana mimi hupenda matandiko yafuliwe yasuuzike vizuri, bila sabuni ya marashi makali.

Taulo lina kazi ya ulimi

Kila mtoto hutoka ndani ya utando wake, na mama huupasua kwa meno kisha humlamba kwa nguvu mpaka apumue. Asipofanya hivyo ndani ya dakika moja au mbili, wewe na taulo lako ndio mnaoingia: pasua utando kuanzia puani, futa mdomo, msugue mgongoni na mbavuni. Ule mtindo wa zamani wa kumshika mtoto na kumzungusha kichwa kikiwa chini ili maji yamtoke, madaktari wa mifugo wameukataa, kwa kuwa unaweza kuumiza ubongo. Na usishtuke ukiona miguu ya nyuma imetangulia. Takriban watoto 4 kati ya 10 huzaliwa hivyo, na kwa mbwa ni jambo la kawaida.

Ulimi wa mama una kazi nyingine pia. Kwa wiki mbili za kwanza na zaidi, mtoto hawezi kukojoa wala kupata choo mpaka alambwe chini ya tumbo. Akiwa yatima, pamba iliyochovywa maji ya vuguvugu hufanya kazi hiyo kila baada ya mlo.

Kijani kinachoogopesha, na kijani kinachostahili kuogopwa

Kondo la nyuma la mbwa likibanduka hutoa majimaji ya kijani kibichi, rangi inayotokana na damu iliyovunjwavunjwa. Huwa haitoki kwenye nguo, kwa hiyo tandika khanga zilizochakaa. Kikionekana baada ya mtoto wa kwanza, hakina neno. Kikitangulia kabla ya mtoto yeyote, na mtoto hatokei, mpigie daktari wa mifugo papo hapo.

Saa ya ukutani

Mbwa anaweza kuzaa mmoja, akapumzika saa mbili au zaidi, akanywa maji, akarudi kuendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Lakini akisukuma kwa nguvu dakika 20 hadi 30 bila mtoto kutoka, hayo si mapumziko tena, ni dharura. Picha ya eksirei siku ya 55 na kuendelea, mifupa ya watoto ikishakomaa, hukuambia mapema wako wangapi. Ukijua ni 6, wa 5 hakudanganyi kwamba kazi imeisha.

Uzi wa kawaida, iodini ya kawaida

Mama akishindwa kukata kitovu, funga uzi safi sentimita 2 au 3 kutoka tumboni, kata upande wa pili wa fundo, chovya ncha kwenye iodini. Basi.

Mzani wa jikoni ndio daktari wa kwanza

Mtoto wa mbwa mwenye afya huongeza uzito wake wa kuzaliwa mara mbili kwa siku 7 hadi 10. Mtoto wa binadamu huchukua miezi mitano hivi kufika hapo! Mpime kila siku saa ileile. Uzito ukisimama au kupungua, umepata habari kabla hajaanza kulia.

Maziwa ya ng'ombe ni mepesi mno kwake

Maziwa ya mbwa yana mafuta na protini zaidi ya mara mbili ya yale ya ng'ombe, huku sukari yake ikiwa kidogo. Ndiyo maana maziwa ya dukani humharisha mtoto na kumwacha na njaa. Nunua mapema unga wa maziwa ya watoto wa mbwa. Dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama, ina haraka yake: kinga nyingi ya mtoto hupita humo, si kwenye kondo, na utumbo hufunga mlango wa kuipokea ndani ya saa 24 hivi.

Kalsiamu inayogeuka kuwa adui

Wengi humpa mbwa mwenye mimba vidonge vya kalsiamu kwa nia njema kabisa. Mwili unaopewa kalsiamu kila siku huacha kujizoesha kuichota kwenye mifupa, na wiki mbili au tatu baada ya kuzaa, maziwa yanapohitajika kwa wingi, kalsiamu ya damu huanguka: mama hutetemeka, hukakamaa, hutweta. Hapo ni kumkimbiza kwa daktari. Chakula bora cha watoto wa mbwa wanaokua kinamtosha mama bila kidonge.

Japani humtazama mbwa

Mbwa huzaa kwa wepesi kiasi kwamba Japani wamemfanya alama ya uzazi salama. Mwanamke mwenye mimba ya miezi mitano huenda hekaluni kufungwa mkanda wa tumbo katika "siku ya mbwa", inayorudi kila baada ya siku 12. Hekalu la Suitengu jijini Tokyo lina hata sanamu ya mbwa na mtoto wake. Wepesi huo wanadamu wameupunguza kwa baadhi ya mbegu: utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2010 ulikuta zaidi ya asilimia 80 ya uzazi wa mbwa aina ya bulldog ni wa upasuaji, maana vichwa vya watoto ni vipana kuliko nyonga za mama.

Wajukuu wa anga za juu

Strelka, mbwa wa Kisovieti, alizunguka dunia Agosti 1960 akarudi mzima, kisha akazaa. Mmoja wa watoto wake, Pushinka, alitolewa zawadi na Khrushchev, kiongozi wa Kisovieti, kwa familia ya Rais Kennedy wa Marekani mwaka 1961. Miaka miwili baadaye Pushinka alizaa watoto wanne na Charlie, mbwa wa Kennedy, katikati ya Vita Baridi!

Ishirini na nne kwa mkupuo

Rekodi ya dunia iko kwa Tia, mbwa wa aina ya Neapolitan Mastiff wa Cambridgeshire, Uingereza: watoto 24, Novemba 2004, kwa upasuaji. Mbwa wengi wana chuchu 8 hadi 10, kwa hiyo chupa ndogo ya kunyonyeshea iwe kwenye vifaa vyako hata kama hutarajii maajabu. Mtoto mchanga hula kila baada ya saa mbili au tatu, na 24 wakilishwa kila baada ya saa tatu ni milo 192 kwa siku.