Cherehani haikufa, pedeli ndiyo iliyoungua

Siku chache baada ya mazishi ya jirani yetu mmoja, Mwenyezi Mungu amrehemu, ndugu zake waliileta kwetu orodha ya mali aliyoiacha ili kamati ya msikiti iwasaidie katika mgawanyo wa mirathi. Baina ya baiskeli na vitanda viwili palikuwa na mstari mmoja uliotushughulisha kuliko yote: cherehani ya umeme ya zamani, mbovu, ya kuuzwa chuma chakavu.

Mjane wa marehemu yumo edani, hatoki. Alimtuma kaka yake atufikishie maneno mawili. La kwanza, kwamba cherehani ile si ya marehemu, bali ni mahari yake. La pili, kwamba ndiyo inayomlisha yeye na watoto wawili ambao bado wanasoma, na kwamba kuna sare za madrasa alizokwisha kuzichukulia malipo ya awali.

Neno la kwanza halikutuchukua muda. Tulilifungua daftari la ndoa la msikiti, tukarudi nyuma hadi mwaka 1986, na tukaukuta mwandiko wa katibu wa zama hizo: cherehani moja ya Singer, ya umeme, imekabidhiwa. Mahari ni milki ya mke na haiingii katika tereka ya mume. Shemeji yake aliyeiandika orodha alikiri kwamba hakujua, akaufuta mstari ule kwa mkono wake mwenyewe. Neno la pili ndilo lililokuwa gumu, kwani mali iliyokufa humfaa nini mwenyewe?

Kisa cha kufa kwake ni hiki. Jioni moja mama huyu alichomeka plagi ukutani, na kabla hajaweka mguu juu ya pedeli, cherehani ikaanza kwenda yenyewe kwa kasi yake yote. Kisha moshi ukatoka chini ya meza, na harufu mbaya ikajaa chumba. Fundi mmoja aliyeitwa aliitazama kwa dakika tano akasema mota imeungua, na mota za mashine kongwe kama ile hazipatikani tena. Akaongeza kwamba yeye mwenyewe yuko tayari kuichukua kwa bei ya chuma. Hatukuipenda pupa ile. Mwenye kutoa hukumu ya maiti na papo hapo akataka kununua sanda anastahili kuulizwa maswali mawili matatu.

Tulimwendea mzee mmoja wa safu yetu ya mbele msikitini, aliyezeeka katika kazi ya kutengeneza redio. Alikuja na bisibisi, mita ya kupimia umeme na kipande cha karatasi. Kaka wa mjane alikuwapo muda wote, na kazi ilifanyika ukumbini.

Jambo la kwanza alilofanya mzee lilikuwa kuchomoa plagi na kuiweka mfukoni mwake. La pili lilikuwa kusoma. Ubavuni mwa cherehani palikuwa na kibati kilichoandikwa 15K. Herufi hiyo ya mwisho ni alama ya Kilbowie, kiwanda cha Singer kilichokuwa Clydebank, nchini Uskoti, ambacho kilifungwa mwaka 1980. Kwenye mota palikuwa na kibati kingine kinachotaja volti na ampea. Aliyanakili yote katika karatasi yake. Kisha hakuigusa kabisa mota iliyosingiziwa, bali aliivuta pedeli kutoka uvunguni mwa meza na kuipindua.

Inafaa tueleze kidogo kilichomo ndani ya kitu hiki, kwa sababu nyumba nyingi zinacho na wachache wamepata kukiona. Pedeli ni mlango wa umeme. Mguu usipokanyaga, mlango umefungwa. Ukikanyaga kidogo hufunguka kidogo, na ukikandamiza hufunguka wote. Katika pedeli za zamani mlango huo ulitengenezwa kwa njia mbili mashuhuri. Nyingine zina waya uliosokotwa kama springi, na mguu huupitisha umeme katika sehemu fupi zaidi na zaidi ya waya huo, hatua kwa hatua. Nyingine, na hii ilikuwa mojawapo, zina visahani vya kaboni vidogo kama vifungo vya shati, vilivyorundikwa kimoja juu ya kingine ndani ya matundu mawili ya kipande cha kauri. Visahani vikilegea, umeme hupenya kwa taabu na cherehani hutambaa. Vikibanwa na mguu, umeme hupita kwa wepesi na cherehani hukimbia. Sehemu ya umeme hugeuka joto humo humo ndani, ndiyo maana pedeli ya aina hii huwa na vuguvugu baada ya kazi ndefu. Vuguvugu si ugonjwa. Joto la kutopita mguu juu yake, au joto lililopo hali hakuna anayeshona, ndilo ugonjwa.

Pembeni mwa kauri ile palikuwa na kitu kidogo cha mviringo, kimepasuka na kutoa utomvu mweusi. Hiyo ni kapasita. Kazi yake haikuwa kuendesha cherehani hata kidogo, bali kuzuia cheche za mota zisichafue sauti ya redio. Kapasita kongwe zina tabia mbaya: zikifa, baadhi yao hugeuka daraja. Umeme haungoji mlango ufunguliwe, huvuka juu ya daraja hilo moja kwa moja hadi kwenye mota. Mzee aliweka ncha za mita kwenye pedeli isiyokanyagwa, nayo mita ikaonesha njia wazi, mahali ambapo haikupaswa kuonesha kitu. Aliikata kapasita, akapima tena, na njia ikawa imefungwa kama inavyotakiwa. Alipoikandamiza pedeli kwa kiganja, mshale wa mita ukapanda taratibu.

Moshi wote ule, na harufu ile iliyomfanya mama wa watu akeshe akilia, vilitoka katika kitu kisichozidi kipande cha chaki. Mota ilikuwa nzima.

Hata hivyo kazi haikuishia hapo, na katika sehemu hii wengi huharibu. Waya wa pedeli ulikuwa na ganda la mpira lililokauka na kupasuka kama tope la bwawa wakati wa kiangazi. Mzee hakukubali kuuzungushia tepu. Aliubadilisha wote, na ndani ya pedeli akaubana kwa kibanio ili mtoto akiuvuta, asivivute viungo vyenyewe. Visahani viwili vya kaboni vilikuwa vimekuwa unga. Aliusafisha unga kwa brashi kavu, kwa kuwa mafuta hayaruhusiwi humo kamwe, akatia visahani alivyovitoa katika pedeli iliyokufa ya dukani kwa rafiki yake, na akarekebisha skrubu mpaka cherehani ikakubali kuanza polepole badala ya kuruka kama punda aliyepigwa. Mahali pa kapasita aliweka mpya ya daraja linaloitwa X2, lililotengenezwa kwa ajili ya umeme wa ukutani. Alitueleza kwamba hata bila hiyo cherehani ingeshona, ila si vyema kutia kapasita yoyote iliyookotwa kwenye redio mbovu.

Sisi, kwa tahadhari, tulikuwa tumekwisha kuagiza pedeli mpya kutoka Kariakoo. Ni nyepesi, ya plastiki, na ndani yake hakuna kaboni bali kibao cha elektroniki. Hatuna ugomvi nayo. Lau ganda la ile ya zamani lingekuwa limevunjika kiasi cha kuacha vyuma vyenye umeme wazi, tungeitupa bila majadiliano, maana ukongwe si fadhila ikiwa mguu wa mtu uko hatarini. Lakini anayenunua mpya hana budi kutazama mambo ambayo muuzaji hamwambii. Iwe ya volti 220 hadi 240; pedeli au mashine iliyotumwa na jamaa aliyeko Marekani ni ya volti 110 hadi 120, na ikichomekwa kwetu bila transfoma itaungua. Ampea zake zisiwe pungufu ya zile za kwenye kibati cha mota. Na kichwa cha waya cha cherehani nyingi za Singer kina matundu matatu, mojawapo likiwa la taa, basi kabla ya kukata chochote mchoro wa nyaya uchorwe kwanza. Nyaya zikibadilishana, taa itawaka na kuzimika kwa mguu, au mota itakwenda bila kuamrishwa.

Tumewahi pia kuona pedeli iliyoondolewa na mahali pake kuwekwa regyuleta ya feni mezani. Fundi wake alijisifu kwa ubunifu. Lakini mguu una siri moja ambayo mkono hauna: mtu akichomwa na sindano huunyanyua mguu papo hapo bila kufikiri, na cherehani husimama. Mikono yote miwili ya mshonaji iko kwenye kitambaa. Nani ataizima regyuleta wakati kidole kimeshanaswa?

Wapo waliopendekeza mota iondolewe, mkanda ufungwe, na cherehani irejeshwe kwenye stendi ya chuma ya kukanyaga kwa miguu miwili, ambayo haidai umeme wala kapasita. Kwa mashine yenye mota ya nje na mfereji wa mkanda kwenye gurudumu, kama hii, jambo hilo linawezekana. Mama mwenyewe alilikataa kwa sababu ya magoti yake, na mwenye magoti ndiye mwenye kauli.

Cherehani ilirudi mezani siku hiyo hiyo kabla ya Magharibi. Mzee alimwachia sharti moja, nalo ni kuchomoa plagi kila anapoinuka, hata kama anakwenda kutia udhu tu. Sare za madrasa zilikamilika ndani ya juma la pili. Pedeli mpya bado imo katika boksi lake juu ya kabati, na shemeji aliyeiandika ile orodha ametuletea nguo za watoto wake zipelekwe kushonwa.