Picha Mbili za Loburu

Kabatini mwa chama chetu mna picha mbili ambazo nusura zivunje urafiki. Zote ni za Loburu, penye chemchemi za maji moto, ukingoni mwa Ziwa Bogoria kule Baringo. Katika ya kwanza mvuke umetanda hata miti haionekani. Katika ya pili, iliyopigwa miaka mingi baadaye, mvuke ni haba, kama wa birika la chai. Basi wenzangu wakashikilia, "Chemchemi ile imekufa!" Mimi nikabisha.

Hebu tuangalie. Maji ya mvua huzama ardhini, yakakutana na miamba yenye joto kali, kisha yakapanda kupitia nyufa. Pengine hutokota tu. Pengine mvuke na gesi huyasukuma yakaruka juu mita kadhaa, yakatulia, yakaruka tena. Bogoria iko karibu mita 990 juu ya usawa wa bahari, kwa hivyo maji huko huchemka kabla ya kufika nyuzi 100. (Usisogee ukingoni ati upate picha nzuri. Ganda la pale huwa jembamba, na mguu ukizama ni kuungua.)

Sasa, mvuke wenyewe hauonekani kwa macho. Lile wingu jeupe ni matone madogo ya maji yaliyopozwa na hewa. Asubuhi kukiwa na baridi wingu huwa kubwa. Saa saba mchana, jua la Baringo likiwaka, chemchemi ileile yaweza kuonekana kama imezimika. Na picha zetu hazikuandikwa saa wala tarehe! Sasa utahukumu nini?

Mwenye kutaka kuona mabadiliko husimama palepale kila mara, saa ileile, na fimbo ya mita moja iwemo pichani. Nyuma ya picha huandika tarehe, joto la maji, na ziwa lilipofikia. Kama chemchemi ni ya kurusha maji, picha moja haitoshi: shika saa, uhesabu dakika kati ya mruko na mruko.

Hilo la ziwa ndilo lililonishinda kuliona mapema. Tangu mwaka wa 2010 hivi, maziwa ya Bonde la Ufa yalianza kujaa, na maji ya Bogoria yakafunika chemchemi nyingi za Loburu. Nilipotazama kwa kioo cha kukuzia, niliona jiwe lililokuwa nchi kavu katika picha ya kwanza. Katika ya pili limebakia kichwa tu majini, na kando yake mapovu. Haikufa, imefunikwa!

Sisi Gongoni tuna chumvi, hatuna chemchemi za moto. Lakini Nyari ya Marafa si mbali, na kila masika mvua huzimega kuta zake. Tumekubaliana tupige picha kabla ya masika na baada yake, saa tatu asubuhi. Kamera ya simu yatosha. Fimbo nimeshaikata.