Usiuze Peugeot ya babu kwa kilo kabla hujaitazama

UKIENDA dala likizo hii, Probox ndiyo itakayokushusha Macalder, kule Nyatike. Lakini kabla ya Probox, kazi ya kupakia watu hadi mlango ugome kufungwa ilikuwa ya Peugeot 504. Huenda moja ingali nyuma ya nyumba ya babu, kuku wanataga ndani, na mnunuzi wa vyuma chakavu ashaipigia hesabu. Kabla hujamsaidia kuisukuma, itazame vizuri.

Anza mbele. Taa za 504 zimekatwa pembeni, kama macho ya mtu aliyekunja uso kidogo, na katikati ya grili kuna simba. Zunguka nyuma: kifuniko cha buti kimevunjika katikati kisha kikateremka. Ukipata taa za mviringo mbele na mapezi madogo nyuma, hiyo ni 404, dada mkubwa aliyetoka 1960. 504 ilitoka 1968, na 1969 ikatawazwa Gari la Mwaka barani Ulaya.

Sasa soma namba. Za siku hizi huishia na herufi. Ukiona herufi tatu na tarakimu tu, basi ilisajiliwa kabla ya mfumo wa KAA.

Wenye matatu walipenda stesheni wagoni. Ina urefu wa mita 4.80, safu tatu za viti, na springi mbili kila upande wa nyuma, ndiyo maana ilimeza magunia na abiria bila kulalia matairi. Yale madude ya Marekani unayoona kwenye filamu, kama Chevrolet Impala, yalipita mita 5.5. Mafuta yalipopanda bei 1973, hayakuwa na kimbilio. General Motors ikayafupisha 1977. Huku kwetu gari refu lilikuwa la kutafuta unga, si la kuringia.

Na barabara mbovu lilizijua. Katika Safari Rally, 404 ilishinda 1963, 1966, 1967 na 1968. 504 ikashinda 1975, Ove Andersson akiwa usukanini, na 1978 kupitia Jean-Pierre Nicolas.

Mnunuzi wa vyuma hulipia uzito tu. Wachimbaji wa Macalder wangemcheka: nani huuza jiwe la dhahabu kwa uzito wa jiwe?

Kwa hivyo, tafuta logibuku kwanza. Kama mwenye gari alifariki, hiyo ni mali ya urithi, usiiuze kivyako. Chungulia kutu sakafuni na kwenye nguzo za milango, kwa sababu injini hufufuliwa lakini bodi iliyooza hula pesa. Piga picha, nakili namba ya chasi, kisha uulize bei kwa wapenzi wa magari ya kale, wale hukutana Nairobi kwa maonyesho ya Concours d'Elegance.

Na kama itabidi iende, iende kwa bei ya gari.