Una ng'ombe wawili, na bado unanunua mafuta ya taa?

Kila ifikapo tarehe 14 ya mwezi, akina mama wengi nchini hutega sikio redioni kusikia bei mpya za mafuta. Hatuna njia nyingine. Mafuta tunayochoma huletwa kwa meli, na kile kiwanda cha kuyasafisha pale Changamwe, Mombasa, kiliacha kazi hiyo mwaka wa 2013. Mnamo Septemba 2018 serikali iliongeza ushuru wa Sh18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili watu wasiyachanganye na dizeli. Aliyeumia ni mwenye stovu na koroboi. Nayo mafuta ya dunia hayazai, yakichotwa hupungua.

Sasa tazama zizini. Ng'ombe wawili wa maziwa wanaolishwa nyumbani waweza kutoa kilo 30 za samadi kwa siku. Kilo 25 hivi hutoa mita moja ya ujazo ya gesi, ambayo kwa kazi ya jikoni ni kama nusu lita ya mafuta ya taa. Hiyo yatosha kuwasha jiko moja kwa muda wa saa mbili: chai ya asubuhi, kisha ugali na mboga jioni.

Mtambo wenyewe ni shimo lililojengwa kwa matofali na simiti. Samadi mbichi hukorogwa na maji, ndoo kwa ndoo, ikamiminwa ndani kusikoingia hewa. Vijidudu huila na kutoa gesi, nayo hupita kwenye mpira hadi jikoni. Masalio yakitoka ni mbolea nzuri kwa sukuma wiki.

Simiti na fundi si pesa kidogo, na palipo na shida ya maji afadhali usianze. Mitambo mingi ya awali nchini ilikufa kwa kukosa matunzo tu.

Lakini kuna kizuizi kingine kinachosemwa kwa sauti ya chini. Katika maboma mengi, ng'ombe ni wa baba na kuni ni za mama. Mwenye kibeti hakai kwenye moshi, basi haoni haraka ya kuchimba shimo. Akina mama kadhaa wameanzia kwenye chama, wakaja kwa mzee na nusu ya gharama mkononi. Ni mbinu nzuri.

Gesi hiyo isipotezwe kwa githeri. Loweka mahindi na maharagwe usiku kucha, yachemshe sana kwa nusu saa au zaidi, kisha sufuria ikiwa bado inatokota izike ndani ya kikapu kilichojazwa matambara au blanketi kuukuu, uifunike kabisa. Iache saa nne au tano. Usifunue kuchungulia, maana joto likitoka itabidi uirudishe motoni.