Nyumba Ndogo, Kiwanja Kipana

Katika mji wetu wa Lubumbashi, ulioanzishwa mwaka 1910, zingaliko nyumba ndogo za kale zenye viwanja vipana na miembe nyuma. Baba wa jamaa aipendaye moja huhesabu nyufa na mabati yenye kutu. Twamsihi aanze na karatasi. Kwa sheria ya tarehe 20 Julai 1973, ardhi ni mali ya Serikali; haki ya kukikalia kiwanja huthibitishwa kwa cheti cha uandikishaji, kitolewacho na mhifadhi wa hati. Barua ya mauzo haitoshi, hata ikiwa na muhuri wa mkubwa wa mtaa (na wauzaji waupenda mno muhuri huo!). Mama naye aende kukiona cheti na kuikanyaga mipaka, maana pengine nusu ya kiwanja imekwisha uzwa. Mumewe akifariki, ni yeye atakayeulizwa hati.