Matundu manne hayatoshi

Ukienda Gerezani, Kariakoo, kutafutia Vitz yako rimu za mtumba, muuzaji atahesabu matundu ya nati, ataona manne, atakuambia zinaingia. Zitaingia kweli, na gari litatoka pale limependeza. Shida itakusubiri Barabara ya Morogoro: ukifika kilomita 80 kwa saa, usukani unaanza kutetemeka mkononi.

Vitz za vizazi vya mwanzo, Honda Fit na Nissan March ya K12 zote zina nati nne kwenye duara la milimita 100, ndiyo maana rimu zake huuzwa rundo moja. Zinapoachana ni kwenye tundu kubwa la katikati, lile linalovaa habu. La Vitz ni milimita 54.1, la Fit 56.1, la March 60.1. Funga rimu ya Fit kwenye Vitz, utabakiwa na uwazi wa karibu milimita 2. Hapo nati peke yake ndizo zinazoiweka rimu katikati, na ikikaa upande kidogo, hata ubalansi mara ngapi mtetemo hautoki. Dawa ni pete ya plastiki au alumini ya kuziba uwazi huo. Ni kitu cha bei ndogo, na inasikitisha kwamba wateja wengi hawaambiwi kuwa ipo. Kinyume chake pete haisaidii: rimu ya Vitz haikai sawasawa kwenye habu ya Fit, na anayeilazimisha kwa spana anahatarisha abiria wake.

Ninaloliogopa zaidi ni nati zenyewe. Rimu za kiwandani za Honda zimechongewa nati zenye kitako cha mviringo. Nati za rimu za chuma za Toyota zina kitako cha umbo la pia. Ukizichanganya, chuma hugusana kwenye mstari mwembamba tu, na nati zinaweza kulegea gari likiwa mwendoni. Nunua nati zenye kitako kinacholingana na rimu uliyochukua, usirudishie za zamani kwa sababu tu zinazunguka.

Halafu tairi. Vitz iliyokuja na 175/65R14 ina gurudumu lenye kimo cha milimita 583. Ukivisha 185/65R15 kimo kinafika 621, karibu asilimia 7 zaidi. Dashibodi ikisema 50, wewe uko 53, na tochi ya trafiki inasoma mwendo halisi. Anayetaka inchi 15 achukue 185/55R15, yenye kimo cha 584. Ila ubavu wa tairi unapungua kutoka milimita 114 hadi 102, na kwa mashimo ya mitaa yetu mimi ningebaki na 14.

Angalia pia namba ya ET nyuma ya rimu, inayoonyesha rimu inakaa ndani au nje kiasi gani. Rimu ya ET 25 mahali pa ET 45 inasogea nje milimita 20. Beringi inaelemewa, na tairi inaweza kukwaruza madigadi gari likijaa watu. Kwa hiyo kabla ya kulipa, pakia watu wazima watatu nyuma, kata usukani hadi mwisho pande zote mbili, upite tuta taratibu huku ukisikiliza.

Kaza nati tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Vitz inataka nyutonimita 103, na mashine ya upepo ya gereji hupita hapo kwa urahisi, kwa hiyo mwombe fundi amalizie kwa spana yenye kipimo.