Uhura Alisahau Yote, Kiswahili Kikabaki

Ipo hadithi moja ya zamani ya televisheni ambayo yastahili kutazamwa na kila asemaye Kiswahili, ingawa ina matundu mengi kama jarife. Jina lake ni "The Changeling", nayo ni kipindi kimoja katika mfululizo wa Kimarekani wa Star Trek, kilichoonyeshwa mara ya kwanza tarehe 29 Septemba, 1967. Juzi niliitazama Lindi. Sisemi ile Lindi ya kusini mwa Tanzania, bali Lindi ya Kibera, Nairobi, nyumbani kwa mzee mmoja wa Kinubi aliyekuwa na wajukuu zake, nami nikawa mkalimani wa wazee.

Kisa chenyewe ni hiki. Merikebu ya angani iitwayo Enterprise, ambayo nahodha wake ni Kirk, yakutana na mashine iitwayo Nomad. Watu wa dunia waliituma mashine hiyo kutafuta uhai katika nyota. Ikapata ajali, ikaungana na mashine ya kigeni, na amri zake zikachanganyika. Sasa kila kilicho na kasoro yakiteketeza, na imekwisha kuua viumbe milioni elfu nne. Kirk anasalimika kwa sababu jina lake lakaribiana na la Roykirk, fundi aliyeiunda, na mashine yadhani ndiye.

Hapo mkalimani ana mtihani. Kwa Kiingereza Nomad yamwita Kirk kwa neno ambalo kamusi itakupa "Muumba". Sikulitamka. Nilisema "fundi wangu", na mzee, ambaye Kiingereza chake si haba, akatikisa kichwa akasema, "Hapo umefanya vyema." Lakini mhandisi Scott alipouawa, kisha baada ya muda mfupi mashine ikamrudishia roho, mzee alisema astaghfirullah akauliza kama chai iko tayari.

Kasoro nyingine nitazipita mbio. Nomad yafanana na kopo kubwa lililoning'inizwa. Kirk aishinda kwa maneno matupu, akiithibitishia kwamba nayo imekosea hata ikajiangamiza, na hila hiyo hiyo Star Trek iliitumia zaidi ya mara moja. Kisa chenyewe kilikuja kuonekana tena, kimevishwa nguo mpya, katika filamu yao kubwa ya mwaka 1979.

Lakini yuko Uhura, afisa wa mawasiliano. Mashine yamsikia akiimba, haielewi kuimba ni kitu gani, basi yampekua akili na kumfutia kumbukumbu zote. Daktari aamua asomeshwe upya. Twamwona mwanamke mzima, afisa wa merikebu, amekaa na Nesi Chapel akisoma habari za mbwa na mpira kama mtoto wa darasa la kwanza. Neno moja lamshinda, achoka, na hapo Kiswahili chamtoka. Matamshi si ya mtu wa pwani, lakini ni Kiswahili. Nesi amkataza, amrudisha kwenye Kiingereza.

Wajukuu walitaka sehemu ile irudiwe mara tatu. Mimi nikauliza: kama kumbukumbu zote zimefutwa, Kiswahili kimetoka wapi? Hadithi haielezi. Mzee hakuona tatizo. "Hicho ndicho alichonyonya," alisema.

Alikuwa na haki ya kusema. Wanubi wa Kibera ni kizazi cha askari waliotoka Sudan, wakatumikia jeshi la Waingereza na kuwekwa hapo mwanzoni mwa karne ya 20, palipokuwa msitu. Lugha yao Kinubi, iliyozaliwa na Kiarabu, imeishi zaidi ya miaka mia moja katikati ya lugha nyingine, hali hati ya ardhi, ekari 288, waliipata mwaka 2017 tu. Mzee huongea Kinubi na mkewe, Kiswahili na jirani, na wajukuu humjibu kwa Sheng. Aliponiambia wadogo wawili hawajui tena kuhesabu kwa Kinubi, hakuwa akicheka.

Jina Uhura nalo lina kisa. Nichelle Nichols, mchezaji wa Kimarekani aliyefariki mwaka 2022, alisimulia kwamba alikwenda kufanyiwa majaribio akiwa na kitabu cha Robert Ruark kiitwacho Uhuru, kilichohusu Kenya. Wakalipenda neno, wakabadili herufi ya mwisho ili lifae mwanamke. Wasomaji wa pwani watatabasamu, maana uhuru hauna mume wala mke. Hata hivyo tuwaelewe. Mwaka 1966, mfululizo ulipoanza, ndio mwaka ambao Maulana Karenga alianzisha Kwanzaa, na Wamarekani weusi walikuwa wakikitafuta Kiswahili kama mtu atafutaye jina la babu yake. Hata katika kipindi cha kwanza kuonyeshwa, jini la sayari ya mbali lilijigeuza kijana mweusi likamsemesha Uhura kwa Kiswahili ili limnase.

Katika mfululizo mpya ulioanza mwaka 2022, Uhura ametajwa waziwazi kuwa ametoka Kenya. Katika ule wa zamani, daktari alisema baada ya wiki moja angerudi kazini, akarudi. Vipindi vikaendelea hadi mwaka 1969, wala hapana hata mmoja merikebuni aliyemwuliza alisema nini siku ile.